Mshindani wetu ni bahasha: shajara ya mafunzo ya watunza urithi, Mombasa, 2025

Januari

Kaskazi inavuma, meli za watalii zinatia nanga Kilindini, na waongozaji wa Mji wa Kale hawashikiki. Kwao huu si wakati wa darasa. Ni wakati wa kuweka akiba ya ada, jambo nitakalolieleza tukifika Mei.

Kwa msomaji mpya: tunaendesha kampuni ndogo ya kijamii inayowafundisha watu wa utamaduni na urithi wa pwani kazi zao, kwa ada wanayoimudu. Kozi ni tatu: kutunza vitu vya kale, kuorodhesha na kupiga picha, na kuzungumza na wageni. Faida ikipatikana inarudi kwenye kozi. Hakuna mwenye hisa anayengoja gawio. Kenya haina sheria mahsusi ya kampuni za namna hii, kwa hiyo tumejisajili kama kampuni ya dhamana isiyo na hisa, tunajaza fomu za kodi za KRA kama wengine, na kila ofisi tunayoingia tunaulizwa kama sisi ni NGO. Hapana, sisi si NGO. Basi, ya usajili yaishie hapo.

Mombasa si ngeni kwa mafunzo haya. Mwaka 2000 kilianzishwa hapa kituo cha kuwafunza watu wa makumbusho kutoka nchi za Afrika zinazotumia Kiingereza, mwenzake wa ile shule ya urithi iliyofunguliwa Porto-Novo, Benin, 1998 kwa ajili ya wanaotumia Kifaransa. Juhudi zile zilijenga wasimamizi na wataalamu. Sisi tunaanzia ngazi za chini: mkata tiketi, mlinzi wa geti ambaye wageni wamemgeuza mwongozaji, mama anayefagia chumba cha maonyesho, msimamizi wa maktaba ya msikiti, vijana wa vikundi vinavyolinda misitu ya kaya, ile mitakatifu ya Wamijikenda. Wao ndio wenye mikono juu ya vitu kila siku, na kufuta vumbi vibaya kwa miaka kumi kunaharibu kuliko mwizi wa siku moja.

Ada za mwaka huu: mtu binafsi anayejilipia, shilingi 1,200 kwa kozi nzima ya vipindi vinne. Kikundi cha kijamii, 4,000 kwa watu watano. Hoteli na kampuni za utalii, 6,500 kwa kila mfanyakazi. Gharama yetu halisi inakaribia 2,300 kwa mtu, hivyo kila mfanyakazi wa hoteli anawabeba karibu watu wanne wanaojilipia. Bila hoteli hatuna mradi. Hilo tunawaambia wazi watu wa hoteli wenyewe, na mpaka leo hakuna aliyenuna.

Februari

Darasa la Jumanne, la vikundi vya jamii na maktaba, lilikuwa nusu tupu. Siku hiyohiyo shirika moja lilikuwa na semina ya urithi katika hoteli ya ufukweni: chai ya asubuhi, chakula cha mchana, nauli, na bahasha ya posho jioni. Waliokwenda wamerudi na begi la nguo lenye nembo, daftari na kalamu. Wanakumbuka biriani. Siwalaumu hata kidogo. Mtu ambaye siku asiyofanya kazi ndiyo siku asiyokula, ukimwambia akae kitini alipwe, atakaa. Ningekuwa yeye ningewahi safu ya mbele.

Lakini ndiyo hesabu tunayopigana nayo. Miaka mingi ya semina imeizoesha pwani kwamba kusoma ni kazi, na mwenye kutaka usome ndiye anayekulipa. Tukiomba 1,200, swali tunalopata si kama ni nyingi au chache. Swali ni: mbona wale wanatupa, nyinyi mnatutoza? Ukikaa na mtu mkaandika kwenye karatasi, gharama anayoiona yeye ni ada yetu, na nauli ya matatu kwenda na kurudi, na kibarua cha siku kilichopotea, na bahasha ya semina aliyoikosa kwingine. Ada ndiyo ndogo kuliko zote. Tungeishusha hadi 600 na darasa lingebaki nusu vilevile.

Kwa hiyo ada hatuigusi, tunapunguza vile vingine. Kuanzia sasa darasa linamfuata mtu anakofanyia kazi. Kipindi ni saa tatu, asubuhi kabla geti halijafunguliwa au jioni likishafungwa. Hakuna ukumbi wa kukodi, hakuna chakula, na bahasha hakuna. Chombo cha kujifunzia ni kitu kilichopo pale pale, ili kazi ya darasa iwe ni kazi ambayo mtu angepaswa kuifanya wiki ile.

Mama mmoja wa kikundi cha ususi aliuliza, nusu kwa utani: "Mwalimu, hata chupa ya maji?" Kabla sijajibu, msimamizi wa maktaba aliyekaa kando yake akamgeukia: "Na vitabu vyangu vikiliwa na mende, shangazi, bahasha ataniletea nani?" Darasa likaangua kicheko, na mama yule akatoa simu akalipa sehemu ya ada papo hapo.

Machi

Ramadhani. Tumehamia usiku baada ya tarawehe, barazani, na mahudhurio ni mazuri kuliko miezi iliyopita. Watu wako macho, wametulia, na hakuna anayekimbilia kazi.

Somo la mwezi ni unyevunyevu wa hewa. Vitabu vya fani hii vilivyoandikwa Ulaya kwa muda mrefu vimesisitiza asilimia 50, ukipanda au kushuka usizidi 5. Mombasa kipimo kinashinda juu ya 70, na usiku wa masika kinapita 80 bila kuuliza. Kuilazimisha hewa yetu ishuke hadi 50 ni kuwasha mashine usiku na mchana, na bili ya stima ingeifunga maktaba kabla ya kuvu kuimaliza. Tunachofundisha ni kuchezea upepo. Kuvu inataka hewa iliyosimama yenye unyevu wa zaidi ya 65 hivi. Huwezi kukausha hewa ya bahari, lakini unaweza kuikataza isilale.

Basi kazi ni hizi: kabati lisogezwe mbali na ukuta, hasa ukuta wa nje. Vitabu visibanwe kama abiria wa matatu. Feni ndogo iwekwe chini, ielekezwe nyuma ya kabati wala si usoni mwa msomaji. Madirisha yafunguliwe alasiri, hewa inapokuwa kavu zaidi, na yafungwe magharibi. Kila kikundi kinachukua kipima unyevu kimoja nyumbani kwa zamu na kuandika namba asubuhi, alasiri na usiku.

Daftari la maktaba ya msikiti lilirudi na namba ambazo tangu siku hiyo ninazionyesha kila mahali: 71 katikati ya chumba, 84 nyuma ya kabati la misahafu ya zamani. Chumba kilekile, saa ileile. Ukuta ule ni wa mawe ya matumbawe na ulikuwa umepigwa plasta ya saruji na fundi aliyelipwa vizuri. Ukuta wa matumbawe na chokaa unavuta maji na kuyatoa. Ukiuziba kwa saruji, maji yanabaki ndani, chumvi inasukuma plasta itoke mapande mapande, na vichwa vya boriti vinaoza ukutani usikoona. Kuibandua plasta ile si kazi ya kozi yetu wala ya bajeti yao ya mwaka huu. Kabati limesogezwa. Baada ya wiki, namba ya nyuma ilikuwa 75.

Mei

Masika imemwagika na watalii wamekwisha. Sasa waongozaji wana muda wa kutosha na hawana pesa. Januari na Agosti ni kinyume chake. Ukipanga kozi ya waongozaji ukadai ada siku ya kuanza, hakuna mwezi utakaoupata: pesa ikiwapo hawapo, wakiwapo pesa haipo.

Jibu halikutoka kwetu. Waongozaji wenyewe wana chama chao cha kuchangiana kila wiki, na mweka hazina wao ndiye aliyependekeza: msimu wa wageni, kila mwenye siku nzuri aweke shilingi 50 au 100 kwenye laini ya M-Pesa ya chama kwa jina la kozi, masika ikifika, chama kinalipa kwa mpigo. Mtu akishindwa kutimiza, wenzake wanamkopesha na deni linabaki kati yao. Tulianza hivyo Januari, na mwezi huu kundi la kwanza limeingia darasani likiwa limeshalipa lote. Sisi hatudai mtu, hatupigii mtu simu, na hatuhitaji karani wa madeni. Nimekaa kwenye mikutano mingi ya kujadili "uendelevu" na sijawahi kusikia jambo la maana kama hili.

Kozi ya waongozaji inahusu kusema lililo la kweli na kulisema vizuri. Zoezi la kwanza ni Fort Jesus: Wareno waliianza 1593, Waingereza wakaigeuza jela kuanzia 1895 hadi 1958, makumbusho yakafunguliwa 1962, ikaingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia 2011. Hizo wote wanazo kichwani. Kisha tunawaambia wamweleze mgeni miaka ile ya jela kwa dakika mbili bila kutaja mwaka hata mmoja, wakisimama mahali pamoja. Ugumu ni hapo. Wengi wamezoea kutiririsha tarehe huku wakitembea, na mgeni anabaki kupiga picha mizinga.

Cheti. Kila mtu anauliza cheti. Leseni ya mwongozaji inatolewa na mamlaka ya serikali ya kusimamia utalii, na cheti chetu hakichukui nafasi yake. Tunachoweka sisi ni karatasi yenye jina mbele na, nyuma yake, orodha ya mambo ambayo mtu huyu ameyafanya mbele ya macho yetu. Mwajiri mmoja alisoma ule upande wa nyuma tu.

Juni

Mwezi wa friza. Acha nisimulie kwa urefu, kwa sababu hii ndiyo kazi ninayoipenda kuliko zote.

Nyumba moja ya Mji wa Kale inayopokea wageni ina joho la sufu la babu mzaa babu, limetariziwa uzi wa dhahabu shingoni na kifuani. Kijana anayelitunza alilileta akiwa amelikunja kwenye shuka. Alipolifungua mezani tuliona matundu madogo kwenye pindo, na ndani ya mshono punje kama mchanga uliokolea rangi ya kitambaa. Ni kinyesi cha viluwiluwi vya nondo. Wanakula sufu na wanakitoa na rangi yake. Nyumbani walikuwa wakilitia vidonge vya nafutalini, ambavyo vinamkera binadamu zaidi ya nondo.

Dawa iliyo rahisi na isiyo na sumu ni baridi. Shida ya kwanza, mfuko: Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea mwaka 2017, na mifuko mikubwa safi haipatikani kila duka. Tulinunua nailoni ya kupimiwa kwa mita kwenye duka la vifaa vya ujenzi, tukakata vipande viwili, tukalifunga joho kwanza kwa shuka safi ya pamba, kisha nailoni, tukalikamua hewa kwa viganja taratibu na kuziba kingo zote kwa utepe.

Shida ya pili, friza yenyewe. Hapa kusi ilitusaidia. Bahari ikichafuka samaki wanapungua, na muuza samaki mmoja jirani alikuwa na friza kubwa lisilo na kazi. Liliyeyushwa barafu, likasuguliwa kwa sabuni, likaachwa wazi juani siku nzima, na kwa ada ndogo tukapewa kwa msimu. Harufu? Nailoni imezibwa, hapana harufu iliyoingia.

Friza za kawaida zinafika nyuzi 18 chini ya sifuri, wakati mwingine 20. Kwa baridi hiyo tunaacha kitu wiki mbili kamili. Waya wa kipimajoto unaingizwa kati ya mikunjo, kwa sababu hewa ya friza kuwa baridi hakumaanishi katikati ya joho kumeshafika. Na lazima baridi ishuke haraka: ukianza na friza vuguvugu ukalipunguza kidogo kidogo, wadudu wanapata nafasi ya kuizoea. Stima ikikatika, mfuniko haufunguliwi, kipimo kinasomwa nje. Kikipanda sana, hesabu ya siku inaanza upya. Ilikatika. Hesabu ikaanza upya.

Siku ya kulitoa ndipo watu wanapoharibu. Kila mmoja darasani alitaka kufungua. Hapana: kifurushi kinawekwa mezani kikiwa kimefungwa hivyohivyo mpaka kesho yake. Umande unatunga nje ya nailoni, unauona ukitiririka. Ungelifungua mapema, umande ule ungetunga juu ya sufu na uzi wa dhahabu. Kijana yule alikaa akiutazama kama anayechunga maziwa jikoni. Kesho yake tulilipiga brashi laini, punje zikatoka, na hakuna kilichokuwa hai. Sasa liko kwenye sanduku lililofungwa vizuri, na kila mwezi linakaguliwa pindo na mishono.

Si kila kitu kinaingia friza. Picha za kuchorwa, picha za vioo, pembe za ndovu na mbao zilizopakwa rangi tunazikataa hata mtu akilia.

Kabla ya mwezi kwisha, vitabu vilivyotobolewa na dumuzi kutoka maktaba mbili viliingia kwenye foleni. Muuza samaki anasema mwakani atatupa friza mbili.

Julai

Tumepanda Kaloleni, kaunti ya Kilifi, kwa kozi ya orodha na picha. Tangu miaka ya 1970 vigango vya Wagiriama, zile nguzo za kuchongwa za kuwakumbuka wazee waliofariki wa Gohu, chama cha wazee wenye heshima, vimeng'olewa viliposimamishwa na kuishia kwenye maduka ya sanaa na makumbusho ya Marekani. Vichache vimerudishwa, makumbusho ya Denver yalikubali kurudisha 30. Kudai kitu ambacho hakina picha wala vipimo ni kazi ngumu, na ndiyo maana tunafundisha ule utaratibu wa kimataifa wa kutambulisha vitu, uliotolewa 1997: picha yenye rula kando yake, vipimo, mali ghafi, alama za pekee, nyufa, mahali palipotengenezwa upya.

Mzee mmoja alisikiliza mpaka mwisho akasema, "Mwanangu, hicho unachokiandika ni ramani ya mwizi." Ana haki. Orodha yenye picha nzuri na jina la boma ikiingia kwenye simu ya mtu mmoja, imeshakwenda. Na kigango kikishasimamishwa hakihamishwi, kwa hiyo ushauri wa kukifungia ndani hauwezi kutolewa na mtu mwenye adabu.

Tulikaa na wazee hadi jua likaelekea machweo, na utaratibu umebadilika. Picha zinapigwa na vijana wa boma lenyewe, kwa kamera isiyo na mtandao. Jina la mahali haliandikwi kwenye fomu, linaandikwa namba. Daftari linalounganisha namba na mahali liko moja, la karatasi, kwa wazee. Sisi wenyewe hatuna nakala. Mfadhili mmoja aliyekuwa akiulizia takwimu za maeneo nimemwambia hivyohivyo.

Wazee tuliwatolea kadzama, ile tembo ya mnazi ya heshima. Mwenzangu mmoja aliniuliza njiani kama hiyo si bahasha kwa jina jingine. Sioni hivyo. Pale walimu walikuwa wao, na mwalimu hulipwa.

Agosti

Msimu wa wageni, hakuna darasa la waongozaji. Akiba ya chama inaingia.

Hoteli mbili zimeleta wafanyakazi, na swali lao ni la NITA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya viwanda. Kila mwajiri anachangia shilingi 50 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi kwenye mfuko wa mafunzo ya viwanda, na anaweza kurudishiwa sehemu ya gharama akimsomesha mtu, ila mkufunzi awe amesajiliwa huko na kozi iwe imeidhinishwa kabla. Faili letu limekamilika na limepokelewa. Likipita, ada ya 6,500 itakuwa nyepesi kwa hoteli bila sisi kuipunguza, na hiyo ndiyo njia bora niijuayo ya kuwasomesha waongozaji wengi zaidi.

Septemba

Hesabu za miezi tisa zimekaa sawa: ada zimelipa walimu, nauli, vifaa na friza, na kimebaki kidogo cha kununua vipima unyevu vipya. Mshahara wangu bado ni nusu ya tuliokubaliana. Nauandika hapa kwa sababu shajara za miradi huwa zinauficha.

Limekuja ombi. Mfadhili anataka kugharimia mwaka mzima wa kozi ya picha na orodha katika kaunti ya Kilifi, na kiasi kinatosha kwa vikundi vingi. Sharti lililomo: kila mshiriki alipwe posho ya siku kwa viwango vya mfadhili. Nusu ya bajeti inakwenda huko. Bodi ilibishana jioni nzima. Wapo waliosema tuchukue, watu wana njaa na pesa si yetu. Nikawauliza tutamwambia nini mwakani mama wa ususi aliyejilipia kidogo kidogo, na chama cha waongozaji kinachoweka shilingi 50 kila siku ya mgeni.

Tumeandika kuomba fungu lote la posho lihamishiwe kwenye kamera, nauli za vijana, kadzama ya wazee na malipo ya vijana wawili kila boma watakaobaki wakikagua vigango baada ya sisi kuondoka; hayo ni malipo ya kazi. Barua imekwenda jana. Wakikubali, Kaloleni inaanza Novemba. Wasipokubali inaanza Februari, hoteli zikishalipa za msimu wa Krismasi, na kwa vikundi viwili badala ya vyote.